Hodi Huku Umeshaingia

Jumatatu, 9 Machi

Krring. Mara moja tu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nimeibeba sauti hiyo kutwa nzima kama kokoto ndani ya kiatu. Sasa niko nyumbani, nimevua viatu, nimeoga, nimekula. Bado inalia.

Ni kengele ya baiskeli. Baiskeli yenyewe haipo. Mkuu wetu aliipigilia ukutani mwaka jana, juu ya skrini kubwa ya majaribio, akaifungia kijimota. Jaribio likifaulu, kimya. Likishindwa, krring, na ofisi nzima inageuka kutazama skrini ili kuona ni la nani. Mkuu anaamini aibu hurekebisha programu haraka kuliko vikao. Mwanamke huyu alipaswa kuwa askari jela.

Leo lilikuwa langu. Jaribio la kumi na saba.

Niandike vizuri, ili siku haki ikitendeka kuwe na ushahidi. Sisi tunatunza kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya ndani kabisa ambayo bila hiyo kompyuta ni kabati tu. Mimi niko upande wa mtandao. Kwa miezi kumi na minne nimeandika msimbo mpya wa kupanga foleni za pakiti, yaani vile vipande vidogo ambavyo kila ujumbe hukatwakatwa kabla ya kusafirishwa. Miezi kumi na minne! Kuna watu wameanza pamoja nami wakazaa na mtoto sasa anatembea. Msimbo ni mzuri. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu hakuna mwingine anayesema.

Jaribio la kumi na saba, ambalo pia niliandika mimi, hutengeneza vyumba viwili vya kuigiza ndani ya seva moja. Chumba cha kwanza hutuma pakiti elfu moja kwenda cha pili. Zikifika, kijani. Mara kumi na tisa zinafika zote. Mara ya ishirini haifiki hata moja. Hata moja! Ukilirudia papo hapo, zinafika zote, kama mume aliyerudi amelewa jana na leo anauliza kwa nini umenuna.

Mkuu aliniita. Alisema mlango wa toleo hili unafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Jaribio la kumi na saba likipita mara mia moja mfululizo bila kengele kulia, msimbo wangu unaingia. Lisipopita, unatolewa. Akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kiti cha msimamizi wa sehemu ya mtandao kipo wazi, na hawezi kumpa mtu ambaye msimbo wake uko nje. Hakutaja angempa nani. Alitazama juu ya bega langu.

Juu ya bega langu alikuwepo Kijani.

Kijani ni jina nililompa mimi. Majaribio yake hayajawahi kugonga kengele. Tangu ipigiliwe! Mtu wa namna hiyo ana lake jambo. Hunywa chai kwa kuivuta, fyuuu, na meza yake iko nyuma ya yangu, kwa hiyo kila funda nalimeza pamoja naye. Mwezi uliopita aligusa msimbo wa saa za ndani. Saa za ndani! Na leo jaribio langu linakosa majira. Watu wengine wangesema ni sadfa. Watu hao hawakai mbele ya fyuuu.

Jioni alinijia mezani. Akaanza, dada, lile jaribio lako, umeangalia kama anwani... Nikamwambia nimeangalia. Akasema bado hajamaliza kusema. Nikamwambia nimeangalia vyote. Akarudi kwake na kikombe chake.

Baada ya dakika tano akaniandikia barua pepe. Barua zake zina folda yake, zinakwenda humo zenyewe. Folda inaitwa Upuuzi. Sijaifungua tangu Desemba.

Jumanne, 10 Machi

Siku imeanza vibaya. Dada yangu mkubwa ni mkunga. Tunaishi pamoja, vyumba viwili na bafu moja, na bafu halina komeo tangu mimi nilivunje. Nimeingia kupiga mswaki nikamkuta anafunga kilemba. Akanifokea. Akasema mlango upo kwa kazi yake, si pambo. Nikamwambia nina haraka. Akasema, "Una haraka tangu uzaliwe, mdogo wangu. Ulizaliwa kwenye ngazi." Ni kweli lakini si la kusemwa asubuhi.

Kazini nimeliendesha jaribio la kumi na saba kwenye kompyuta yangu mara mia mbili. Kijani zote mia mbili. Nikaliendesha kwenye seva ya majaribio. La tisa, krring. Nikapandwa na hasira hadi miwani ikapata ukungu.

Nikaongeza mistari ya kuchapisha kila hatua, ili nione linapokwama. Likaacha kukwama. Nikaliendesha mara hamsini na mistari yangu, likapita hamsini. Nikaondoa mistari. La nne, krring. Nikairudisha. Kimya. Nikaiondoa. Krring! Ukilitazama ni malaika. Ukigeuza kisogo linakutolea ulimi.

Hapo nikaelewa. Mashine haina adabu ya kujificha. Mtu ndiye anajificha. Kuna mtu anaingia kwenye seva ile jaribio langu linapoanza, anaivuruga, anatoka. Naye anajua nikiwa natazama.

Nimeandika programu ndogo ya upelelezi. Kila nusu sekunde inahesabu kila aliyeingia kwenye seva, kila kinachoendeshwa humo, nani amegusa nini, na kuandika yote kwenye faili. Nimeiwasha saa nane mchana.

Kuanzia saa nane mchana jaribio limeshindwa mara moja kati ya kila sita. Sita! Amenusa kwamba namwinda. Analipiza. Nikaiongeza kasi programu, sasa inaandika mara kumi kwa sekunde. Jaribio likashindwa mara moja kati ya kila nne.

Hofu imempata. Vizuri.

Dada ameniuliza wakati wa kula kwa nini nacheka peke yangu. Nikamweleza. Akauliza, kwani huyo kaka umemuuliza? Nikamwambia mwizi haulizwi kama ameiba. Akasema yeye akimkuta mama wodini anaumwa, kwanza humuuliza wapi. Nikamwambia ndiyo maana zamu zake haziishi.

Jumatano, 11 Machi

Nimesoma faili la upelelezi. Kurasa elfu na zaidi. Aliyeingia kwenye seva tangu jana mchana ni mtu mmoja tu. Ameingia mara mia nne na kumi na mbili.

Ni mimi.

Kwa hiyo Kijani anajua kufuta nyayo zake. Ni hatari kuliko nilivyodhani. Programu nimeiacha iendelee.

Wakati huo kengele ilikuwa imelia mara kumi na moja kabla ya saa tano. Kila ikilia, fyuuu. Krring, fyuuu. Krring, fyuuu. Katibu wa ofisi, mama mtu mzima anayeita kila mtu mwanangu, aliniletea kidonge cha maumivu ya kichwa bila kuombwa. Akasema, mwanangu, hiki si chako, ni changu, lakini wewe ndiye unayenitia maumivu, basi meza wewe tuone.

Saa saba watu walipotoka kula nilipanda juu ya kiti, nikaivika kengele soksi. Soksi yangu mwenyewe, ya kushoto. Nikaifunga kwa mpira. Kazi ya dakika moja. Nilishuka nikijiona injinia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Saa nane na robo Mkuu akatoka ofisini mwake akiwa na wageni watatu. Akawaeleza habari za kengele. Akawaeleza jinsi aibu inavyojenga ubora. Akaomba jaribio la kumi na saba liendeshwe wageni waone. Skrini ikawa nyekundu. Ukutani ikatoka sauti kama mtu anayekohoa ndani ya mto.

Mkuu alitazama juu. Wageni wakatazama juu. Soksi ni ya milia ya njano na zambarau. Kisha wote, bila kuambiana, wakatazama chini ya meza, miguu baada ya miguu, hadi wakafika kwangu.

Nilikuwa nimevaa ile ya kulia.

Mkuu hakupaza sauti. Alisema tu, "Ukimaliza kuivisha, itafutie na kazi." Mgeni mmoja aliandika kitu kwenye daftari. Sijui aliandika nini na sitaki kujua. Soksi imechanika kwenye kisigino.

Kijani alikuja tena. Akasema dada, samahani, sijui kama ulisoma ile barua, tatizo si msimbo wako, ni ule usingizi wa sekunde... Nikamwambia usingizi wangu haumhusu. Akasema hapana, wa kwenye jaribio. Nikamwambia nimesema haumhusu. Akasimama pale kidogo, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau namba ya nyumba. Akaenda zake. Akaniandikia barua nyingine. Upuuzi.

Alhamisi, 12 Machi

Asubuhi nimepata wazo la kitaalamu.

Kama jaribio linashindwa mara moja moja, basi lijirudie lenyewe. Likishindwa mara ya kwanza, linyamaze, lijaribu tena. Likishindwa tena, mara ya tatu. Likishindwa zote tatu, hapo ndipo liseme. Mistari minane ya msimbo. Nimeandika kwa robo saa. Safi!

Nikaendesha. Kijani. Kijani. Kijani. Kumi. Ishirini. Sitini! Sikumbuki lini mara ya mwisho nilivuta pumzi hadi chini. Nikamgeukia Kijani nikamtolea tabasamu, la kwanza tangu tufahamiane. Alishtuka akamwaga chai.

Sasa, kwetu kila badiliko, hata la herufi moja, lazima litumwe kwa barua pepe kwenye orodha ya wote wanaokitunza kiini. Orodha inasomwa na maelfu ya watu duniani ambao wengi hatutaonana nao mpaka kufa. Barua ikishafika huko hairudi. Haifutiki. Wajukuu wako wataisoma. Na juu ya orodha hiyo amekaa Mzee wa Barua, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Hakuna ofisini kwetu aliyewahi kumwona. Hasalimii. Hajibu kabla ya wiki mbili. Barua zake ni mistari mitatu, na mmojawapo huwa ni matusi.

Nilituma badiliko langu saa tano. Kichwa cha barua: Kuimarisha jaribio la kumi na saba.

Saa nane alijibu. Wiki mbili zote zile, na leo akaamua kuwahi! Naliandika jibu lake kama lilivyo, kwa kuwa lipo huko milele hata nisipoliandika:

"Hili ni jaribio linalojisamehe. Nikimkuta fundi wa lifti mwenye mawazo haya, nitapanda ngazi. Imekataliwa."

Hadi saa tisa watu thelathini na nane kutoka nchi nisizozijua walikuwa wameongeza lao. Mmoja aliuliza kama naweza kumwandikia mwanawe mtihani wa hesabu wa namna hiyo. Mwingine alitengeneza picha. Ofisini hakuna aliyecheka mbele yangu. Walikwenda kucheka kwenye ngazi, wawili wawili, kwa zamu. Ukuta wa ngazi ni mwembamba.

Nilikaa chooni nikalia kwa hasira. Si kwa huzuni. Niliangalia kwenye kioo kuhakikisha.

Kesho saa kumi jioni. Msimbo wa miezi kumi na minne, foleni ambazo nimezipanga mpaka nazisikia zikisogea nikifumba macho, utatolewa kama jino. Na msimamizi wangu atakuwa mtu wa fyuuu.

Nilipofika nyumbani dada alikuwa ameniachia chakula kimefunikwa na karatasi juu yake: Kula kwanza, chuki baadaye. Nilifuata nusu ya ushauri, ile ya pili, kisha chakula kikapoa.

Ijumaa, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Naandika hata hivyo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikwenda bafuni. Nikagonga nikiwa nimeshika kitasa. Nikaingia. Dada alikuwa na sabuni usoni. Akapiga ukelele, akanirushia dodoki, likanipata sikioni. Nikamwambia nimepiga hodi! Akasema, "Umepiga hodi huku umeshaingia! Hodi gani hiyo? Hodi ni mpaka usikie kama kuna mtu! Unagonga, unahesabu moja mbili kichwani mwako, unavamia! Na kama sijakujibu? Na kama nina sabuni mdomoni?"

Nilisimama pale maji ya dodoki yakinitiririka shingoni.

Moja, mbili. Moja, mbili!

Nilimwambia dada nampenda. Akasema nitoke.

Ni hivi. Chumba kikipewa anwani hakiitumii papo hapo. Kwanza kinapiga hodi kwa majirani: jamani, kuna mwenye anwani hii? Kinasikiliza. Kikisikia kimya cha kutosha, ndipo anwani inakuwa yake. Kabla ya hapo ni ya majaribio tu, na ukiituma pakiti hapo inatupwa. Hodi hiyo huchukua kama sekunde moja, pengine moja na nusu. Seva ikiwa na kazi nyingi, zaidi ya mbili. Na mimi, kwenye mstari wa ishirini na tatu wa jaribio, niliandika kwa haraka: lala sekunde mbili, kisha tuma. Sikuuliza kama hodi imejibiwa. Nilihesabu moja mbili nikavamia.

Kompyuta yangu ina nafasi, haichelewi. Mistari ya kuchapisha ilichelewesha jaribio, hodi ikapata muda wa kuisha. Kila kitu kikakaa mahali pake. Nilikimbia hadi kazini na nguo ya ndani nimeigeuza.

Nikafuta usingizi wa sekunde mbili. Nikaandika mstari mmoja: uliza mpaka anwani iwe tayari, ndipo utume. Nikautuma kwenye orodha saa sita kasorobo. Mzee wa Barua akajibu, "Hatimaye." Katika historia ya orodha ile huo ni wimbo wa mapenzi.

Saa sita kamili tukaanza mia moja. Kila jaribio dakika mbili. Mkuu alitoka akaketi mbele ya skrini. Katibu akaja na kiti chake. Ishirini, kijani. Hamsini, kijani. Hakuna aliyekwenda kula. Sabini. Themanini. Sikuwa na kucha tena. Tisini! Tisini na tano. Tisini na sita.

Krring.

Saa tisa na dakika kumi na nne.

Skrini ikaandika sababu kwa herufi kubwa za kutosha kusomwa na kipofu: diski imejaa. Chini yake, kwa uaminifu wa kijinga wa mashine, ikaorodhesha faili lililoijaza. Mistari milioni kumi na moja. Jina la faili: ushahidi_dhidi_ya_kijani.

Programu yangu ya upelelezi. Sikuwa nimeizima. Ndiyo iliyokuwa ikiilemea seva tangu Jumanne, ndiyo iliyofanya jaribio lishindwe moja kati ya nne, na sasa ilikuwa imekula diski yote.

Kijani akauliza kwa upole, "Kijani ni nani?"

Watu wote wa ofisi wakatazama dari. Katibu alitazama dari kwa bidii kiasi kwamba na mimi nikatazama kuona kuna nini.

Mkuu akasema sheria ni mia moja mfululizo, na muda wa kuanza upya haupo. Nilitaka kusema kitu cha heshima, kikatoka kilio cha bata.

Hapo Kijani akaweka kikombe chini. Akasema Mkuu, iliyojaa ni diski, msimbo wa dada haujashindwa, tisini na sita ni nyingi. Akasema yeye atamwandikia Mzee wa Barua aombe mlango uachwe wazi hadi Jumatatu, na faili hilo, lolote liwalo, lifutwe, na mia moja zianze upya usiku huu bila mtu kukaa mbele ya skrini. Akaandika papo hapo, amesimama, kwa kidole kimoja. Mzee wa Barua akakubali.

Nilishindwa kumshukuru. Nilijaribu. Nilifungua mdomo, nikakumbuka fyuuu, ukajifunga.

Kwa nini amenisaidia? Anataka nini?

Jumatatu, 16 Machi

Mia moja! Mia moja mfululizo! Msimbo wangu umeingia ndani ya kiini Jumamosi saa mbili asubuhi. Dada alinikumbatia, akaniambia komeo jipya la bafu ndiyo zawadi anayotaka.

Nimekuja kazini mapema. Kwa moyo mweupe kabisa nimefungua folda ya Upuuzi, nione aliandika nini. Barua ya Jumatatu iliyopita, saa kumi na moja na dakika tano: "Dada, nadhani anwani ya chumba cha pili inakuwa haijawa tayari jaribio linapoanza. Usihesabu sekunde, subiri jibu. Mimi pia ilinipata mwaka wangu wa kwanza, ila wakati huo kengele haikuwepo."

Damu imenichemka upya. Alijua! Tangu Jumatatu! Na akakaa nayo! Mtu mwenye nia njema angeniandikia zaidi ya mara moja.

Nimehesabu. Ameandika mara nne. Nne! Huo sasa ni usumbufu.

Na kuna zaidi. Saa nne nimewaona yeye na Mkuu nyuma ya kioo, mlango umefungwa, wanacheka. Saa tano katibu amenijia akiimba kwa sauti ya chini, akauliza kama ningependa meza ya dirishani. Wananihamisha! Kisha akanipiga picha, akasema tabasamu mwanangu. Ya kubandika kwa walinzi getini, nisiruhusiwe kuingia, nini kingine? Kisha akauliza jina langu nalitaka liandikwe vipi kwenye kibao cha mlango. Mlango gani? Wa kutokea!

Saa saba Kijani akaja. Akasema, dada, saa tisa kamili kwa Mkuu, usikose, tuna jambo zuri la... Nikamwambia nalijua. Akasema, kweli unalijua? Mkuu amekwambia? Nikamwambia sihitaji kuambiwa. Akatabasamu meno yote. Akasema basi vizuri, yeye alikuwa na wasiwasi ningekataa.

Ningekataa! Kufukuzwa kuna kukataa?

Nilikaa nikawaza dakika nzima. Mimi si mtu wa kukurupuka. Wanataka nikae mbele yao saa tisa, nisomewe, nilie kilio cha bata mara ya pili, wapokonye msimbo wangu na kumpa mtu wa kikombe. Sitawapa furaha hiyo.

Kwanza nimeiwasha tena programu ya upelelezi. Safari hii kwenye diski kubwa zaidi.

Kisha nimeandika kwenye orodha. Nimeandika vizuri, bila matusi. Kwamba mimi, mwandishi wa msimbo wa foleni, naurudisha mikononi mwangu, vipande vyote arobaini na kimoja. Naomba uondolewe kwenye kiini mara moja. Kwamba usimamizi wa sehemu ya mtandao apewe yule ambaye tayari wamemchagua, nami nisihesabiwe. Nimeisoma mara moja. Imetumwa saa tisa kasoro dakika nane.

Saa tisa kasoro dakika sita Mzee wa Barua amejibu. Neno moja: "Imeondolewa."

Sasa saa tisa kamili. Katibu amepita na sinia la vikombe na kitu kirefu chembamba kilichofungwa kwenye karatasi, kama kibao. Kijani amesimama mlangoni mwa Mkuu, ananipungia mkono, anasema dada, njoo basi, tunakusubiri wewe tu.

Acha wasubiri.